Bega linauma tangu nihamie angani. Niongeze mazoezi ya jioni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, niko mwaka wa kwanza katika shule ya sarakasi. Tangu utotoni nimefanya sarakasi za sakafuni: vichwangomba vya mbele na nyuma, kusimama kwa mikono, kubebana na wenzangu kwenye piramidi. Mwaka huu nimechagua trapezi, ile fimbo inayoning'inia kwa kamba mbili, na vitambaa vya kuning'inia. Mwezi wa tatu sasa, na wenzangu ambao hawajawahi kupiga hata kichwangomba kimoja wananipita kupanda. Bega la kulia linaniuma, hasa usiku nikililalia. Halafu kuna ile hatua ya kujizungushia kitambaa, kujiachia na kuanguka hadi kitambaa kikudake. Kila nikifika hapo nagoma. Onyesho la mwisho wa mwaka liko miezi mitano mbele. Nataka niwe nabaki ukumbini kila jioni kwa saa moja na nusu. Itanisaidia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jioni usibaki. Najua si jibu ulilolitaka, na najua pia kwamba mtu aliyelelewa na sakafu huamini kila tatizo lina dawa moja: rudia, rudia, hadi mwili ukubali. Sakafuni dawa hiyo mara nyingi inatibu. Angani inaumiza, na sababu yake ndiyo hiyo inayokuamsha usiku.

Fikiria bega linavyobeba mzigo. Ukisimama kwa mikono, sakafu inakusukuma na wewe unaisukuma. Mfupa wa mkono unajikandamiza kwenye tundu lake, mfupa juu ya mfupa, na mzigo unapata pa kuegemea. Ukipinduka kinyumenyume kwa mikono, mzigo ni mkubwa kuliko huo lakini unapita kufumba na kufumbua. Sasa ning'inia. Kila kitu kimegeuka. Uzito wako wote unauvuta mfupa ule utoke kwenye tundu, na hakuna mfupa mwingine wa kuuzuia. Kuna kano na misuli tu. Kuna misuli minne midogo inayokizunguka kichwa cha mfupa wa mkono, na ile mikubwa ya mgongo na kwapa inayoshusha bega. Na mzigo wenyewe haupiti. Uko pale sekunde 30, dakika nzima, zamu yako yote ya kuwa juu.

Kwa hiyo una bega lililokomaa kwa kusukuma na changa kabisa kwa kuvuta. Wenzako nao ni wachanga, ila uchanga wao ni wa mwili mzima: hawana ujasiri wa kujaribu wasichokiweza, wanachoka mapema, wanashuka mapema. Wewe una tumbo gumu, unajua kukaza mwili, ukimwona mwalimu akifanya umbo mara moja unaliiga. Unaweza kufanya mambo ambayo kano zako bado hazijaridhia. Nionavyo mimi, hapo ndipo watu wa sakafuni wanapoharibikia wakihamia angani, na wenye kipaji ndio huharibika upesi zaidi.

Msuli hupata damu ya kutosha na huongezeka nguvu ndani ya wiki chache. Kano hupata damu kidogo. Kuimarika kwake huhesabiwa kwa miezi. Mwezi wa tatu uliomo ndio mwezi wenyewe wa hatari, maana misuli imeshapata nguvu za kukurusha na kano bado ni zile za siku ya kwanza. Tena, baada ya kazi nzito kano hubomoka na kujijenga kwa wakati mmoja, na katika saa 24 hadi 36 za mwanzo kubomoka huzidi kujenga. Ukivuta mchana, ukavuta tena jioni, na kesho asubuhi ukarudi palepale, kila mara unaikuta kano kabla haijafikia upande wa faida. Ndiyo maana saa yako na nusu ya jioni ingekurudisha nyuma hata kama ungeifanya kwa ufundi mzuri kiasi gani.

Sijakuona ukifanya mazoezi, lakini nitabahatisha. Unashika trapezi, unaruka kidogo, unarusha miguu juu ili ugeuke kichwa chini. Nimepatia? Karibu kila mtu wa sakafuni hufanya hivyo, kwa kuwa sakafuni mwendo ndio mtaji: unakimbia, unaruka, mwendo unakubeba. Ukining'inia, mwendo huo hauna pa kutokea ila begani. Miguu inapaa, kiwiliwili kinachelewa, mikono inabaki nyuma ya masikio, na bega linapokea mshtuko likiwa limelegea na limepanda juu. Kano inayopita chini ya mfupa wa juu wa bega inabanwa. Mara moja haina neno. Kila siku ya juma, mara kadhaa kwa zamu, ndiyo maumivu ya kulalia bega.

Kuna kipimo ambacho hakihitaji zaidi ya trapezi iliyoshushwa. Ning'inia mikono imenyooka, miguu haigusi chini. Bila kukunja viwiko hata kidogo, shusha mabega mbali na masikio hadi kifua kinyanyuke sentimita chache. Kaa pumzi mbili, kisha rudi polepole. Fanya hivyo mara tano. Ikiwa mara ya tatu viwiko vinaanza kusaidia, au bega la kulia linanyanyuka baada ya lile la kushoto, basi hujafika mahali pa kugeuka kichwa chini ukitokea kwenye kuning'inia, haidhuru umeshafanya mara mia.

Kutoka hapo njia ni fupi ila haina mkato. Shusha trapezi iwe usawa wa kifua, miguu ikiwa chini. Shusha mabega kwanza, kisha kunja magoti kifuani na ugeuke huku kichwa kikienda nyuma na nyonga zikipanda, bila kuruka. Ukishageuka, kazi halisi ndiyo inaanza: rudi chini kwa kuhesabu hadi tano, mgongo ukikunjuka pingili kwa pingili. Kurudi polepole hujenga bega kuliko kupanda kwa kishindo. Ukiweza kurudi hivyo mara nne bila kudondoka katika sekunde ya mwisho, fungua magoti na ufanye miguu ikiwa imetanuliwa. Baadaye kabisa, fanya ukitokea kwenye kuning'inia. Na kila unachofanya upande wa kulia fanya na kushoto, hata kama kinatoka kibaya. Sakafuni umezoea kuwa na mguu wako wa kuanzia na upande wako wa kuzungukia, na hakuna aliyekuuliza. Kitambaani, upande mmoja ukiachwa, mgongo na bega vitakudai.

Sasa kuhusu kupitwa. Wenzako hawana mikono kukuzidi, nina hakika. Wanakupita kwa kuwa mikono yao ni dhaifu, wakalazimika kujifunza miguu. Kitambaa hupandwa kwa miguu: unakizungushia mguu mmoja, unakikanyagia kwa mguu wa pili ili kibanwe kwenye unyayo, unasimama juu ya hicho kibano, na mikono inasogea juu ikiwa haina mzigo. Mwenye mikono imara hujivuta tu, akafika juu wa kwanza siku ya kwanza na wa mwisho mwezi wa tatu. Kaa nusu mita kutoka chini na ufanye kibano hicho cha mguu hadi kiwe kinakaa chenyewe bila kukitazama. Kifundo cha mguu kitachubuka kidogo. Vaa suruali ndefu inayobana na ufunike nyuma ya magoti na kwapa, maana kitambaa kikiteleza kwenye ngozi kinaunguza. Kwa viganja, chaki hukausha jasho na ndiyo inayofaa zaidi kwenye chuma cha trapezi. Unga wa utomvu hunata, na watu wengi huupendelea kwenye kitambaa. Usizichanganye mkononi.

Kimo kisikusumbue. Nina ugomvi wa siku nyingi na kumbi zinazowapandisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mita sita kwa sababu picha inapendeza. Karibu kila unachotakiwa kujifunza mwaka huu kinajifunzika kichwa kikiwa mita moja juu ya godoro. Kanuni yangu ya kupanda ni moja: usiende juu kuliko mahali unapoweza kushuka kwa utaratibu mwishoni mwa zamu, mikono ikiwa imekwisha. Nguvu za kupanda unazipima ukiwa mzima. Za kushuka unazihitaji ukiwa umechoka.

Unyumbufu nao una mtego uleule. Miguu yako inatanuka vizuri hadi mpasuko kamili sakafuni, na sakafu ndiyo inayokusaidia: uzito wako unakushusha, ardhi inakushika. Angani hakuna anayekusukuma. Mguu unafika pale tu msuli unapoufikisha na kuushikilia. Usishangae basi mpasuko wako kamili ukigeuka robo tatu kwenye trapezi. Acha kunyoosha zaidi. Badala yake inua mguu ulionyooka na uushikilie sekunde kumi bila mkono, pande zote.

Turudi kwenye bega. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia wiki hii, usingoje likizo. Mimi nasoma barua, yeye atalishika. Wakati unasubiri, acha kwanza mambo yote ya kurusha na kudakwa, na usiache kila kitu, kwa kuwa kano isiyopewa kazi kabisa nayo hudhoofika. Shikilia mizigo tulivu: kuvuta kitu kisichosogea, au kuning'inia nusu uzito miguu ikiwa chini, sekunde 30 hadi 45, bega likiwa limeshushwa. Maumivu yapime kutoka sifuri hadi kumi. Yakibaki tatu au chini wakati wa zoezi, na kesho yake yamerudi yalipokuwa, mzigo ni wa kiasi. Yakizidi kesho yake, punguza hata kama jana ulijisikia vizuri. Na kuna dalili za kuacha hapohapo na kumwona daktari: mkono kufa ganzi, nguvu kupotea ghafla, bega kuhisi linachomoka, au maumivu ya usiku yanayoongezeka hata baada ya kupumzika.

Mweleze pia mwalimu wa sakafu. Bega halijui kwamba kipindi cha asubuhi na cha mchana viko kwenye ratiba mbili tofauti. Ukisimama kwa mikono asubuhi, ukapinduka kwa mikono saa nne, ukaenda kitambaani mchana, bega limefanya zamu tatu. Chukua daftari uandike kila siku: nimening'inia kiasi gani, nimegeuka kichwa chini mara ngapi, nimetua mara ngapi kwa mikono. Wanafunzi wengi wakiona hesabu ya wiki moja huacha wenyewe kuuliza kuhusu saa za jioni. Panga siku nzito za kuvuta ziwe na nafasi ya saa 48 kati yake. Siku za katikati una miguu, una kutua, una ufundi wa kupanda nusu mita, una usingizi. Huo wa mwisho sikuuweka kwa utani.

Jambo jingine hukuuliza, ila ninalijua lilivyo katika vyumba vya kubadilishia nguo: angani watu huanza kutaka kuwa wepesi. Ukila pungufu ya kazi unayofanya, mwili hukata matumizi, na mifupa na kano ni miongoni mwa wa kwanza kunyimwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii rasmi mwaka 2014 kuwa tatizo la wanamichezo wa kike na wa kiume. Kwa msichana, hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, hilo ni jambo la daktari, na asikuambie mtu ati ndiyo dalili ya mwanasarakasi anayejituma.

Sasa kujiachia. Kugoma kwako sikuoni kuwa woga, na sababu yake ina hesabu. Ukianguka mita moja huru, na kitambaa pamoja na mwili wako vikatumia sentimita 25 kukusimamisha, nguvu inayokusimamisha kwa wastani ni mara tano ya uzito wako, na kilele chake hupita hapo. Ukiwa na kilo 60, kitambaa kinakuvuta kana kwamba una kilo 300 au zaidi. Ongeza nusu mita ya ulegevu kwenye mzunguko wako wa kitambaa na hesabu inaruka hadi mara saba. Kwa hiyo maswali ya msingi kabla ya kuachia ni mawili: nitaanguka umbali gani kabla sijaanza kudakwa, na nitasimamishwa katika umbali gani. Kitambaa kinachonyumbulika husamehe, kisichonyumbuka hakisamehi, kamba ndiyo kali kuliko vyote. Bega lako likiwa hivi lilivyo, kuna hatua za kuanguka ambazo mikono inabaki imeshika huku mwili ukisimamishwa ghafla. Hizo ziondoe kabisa kwenye orodha ya mwaka huu.

Trapezi inayobembea nayo ina hesabu yake. Ukiachiwa kutoka usawa wa mahali inapofungwa kamba, ukipita chini kabisa mikono inabeba mara tatu ya uzito wako. Ukianzia nyuzi 60 kutoka wima, mara mbili. Watu huona mtu anapita kwa ulaini, wakadhani amekuwa mwepesi.

Namna ya kujifunza kuanguka ni kuondoa kuanguka. Zungusha kitambaa chote kama kawaida, kiuno chako kikiwa usawa wa kifua cha mwalimu, halafu shuka kwa mikono polepole hadi mwisho wa umbo. Ukifika, tazama: umesimamia upande upi, mkia wa kitambaa uko wapi, nini kimekushika hasa, paja au kiuno. Fanya hivyo hadi uweze kutaja kila mzunguko kwa sauti ukiwa kichwa chini, maana kichwa chini kulia na kushoto huhama. Ndipo uachie nusu, mwalimu akiwa amekushika. Jules Léotard, aliyeonyesha trapezi ya kuruka kwa mara ya kwanza Paris tarehe 12 Novemba 1859, alijizoeza juu ya bwawa la kuogelea kwenye ukumbi wa baba yake huko Toulouse. Ujasiri wake ulianza kwa kuchagua kitu cha kuangukia.

Lakini kuna kugoma kwa aina mbili, na wewe mwenyewe ndiye utakayevitofautisha. Kimoja ni cha mtu anayejua yuko wapi, anajua kitatokea nini, na moyo unamdunda. Huyo anahitaji ngazi fupi zaidi. Kingine ni cha mtu ambaye hewani hajui tena chini ni wapi. Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alipatwa na hicho kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021: aliruka, akapoteza hesabu ya mizunguko yake hewani, akajiondoa kwenye fainali ya timu. Wapo waliomcheka. Mwaka 2024 huko Paris alichukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwa jumla ya vifaa vyote. Ukijikuta katika hali hiyo ya pili, shuka siku hiyohiyo, na urudi kwenye mizunguko ya chini kabisa hadi picha irudi.

Na kabla ya lolote, gusa vifaa. Lillian Leitzel alikuwa nyota wa pete za angani aliyejulikana kwa kuzungusha mwili wake wote kwa mkono mmoja, akishangiliwa na ukumbi mzima kila mzunguko. Mwezi Februari 1931 huko Copenhagen kilichomwangusha hakikuwa bega: chuma kinachozunguka kilichoshika kamba yake kilikatika, akafariki siku mbili baadaye. Chuma kinachobebeshwa mzigo na kupumzishwa mara nyingi huchoka kwa ndani. Kufunga na kukagua vifaa vya juu ni kazi ya fundi wa shule, na usikubali kamwe kupanda kwenye kitu alichofunga mwanafunzi mwenzako jioni wakati fundi ameondoka. Hiyo nayo ni sababu ya kutobaki. Ila kutazama ni haki yako: karabina, kile kipete cha chuma cha kuunganishia vifaa, imefungwa na kukazwa, kitambaa hakina uzi uliokatika, godoro liko chini ya mahali utakapoangukia na si chini ya mahali ulipopandia.

Miezi mitano inatosha kwa onyesho zuri, ukikubali liwe la mtu wa mwaka wa kwanza. Anza sakafuni, huko unakowazidi wote. Ingia hewani kwa kupanda kwa miguu, tulia kwenye maumbo matatu au manne unayoweza kuyashikilia kwa pumzi za kawaida, geuka kichwa chini mara moja polepole kiasi kwamba watu waone hakuna kilichorushwa, kisha shuka kwa utaratibu. Watazamaji hawahesabu mita. Wanaona kama mtu anajua aliko. Hatua ya kujiachia iingize ikiwa wiki sita kabla ya onyesho unaifanya pande zote mbili, mwishoni mwa zamu, bega likiwa kimya usiku unaofuata. Isipokuwa hivyo, mwambie mwalimu mapema aitoe, ili muziki ukatwe upya kabla mavazi hayajashonwa.